Unga wa Kuonea Uso

Miaka ishirini na minane natengeneza baklava, kitamu cha matabaka ya unga na siagi, hapa Antep, Uturuki, na unga wangu hupimwa hivi: ukishasukumwa mwembamba kama karatasi, mfanyakazi anauinua, nami nautazama uso wake kupitia humo. Nisipouona, tunaanza upya.

Siku mbili kabla ya Idi, asubuhi, nilikuwa nimeshamkatalia Cuma, mfanyakazi wangu, unga mara saba.

"Mzito! Cuma, unanisukumia blanketi?"

"Fundi, wa mwisho ulichanika kwa wembamba."

"Usinibishie!"

Nilizunguka meza, nikaupiga teke mlango wa friji. Humo, pembeni ya siagi, zilikaa sindano zangu mbili ambazo sikuzichoma. Ugonjwa wangu, Behçet, huvimbisha jicho kwa ndani. La kushoto lilishapofuka. Daktari alinionya nichome kila wiki mbili, hata nikijiona mzima. Sasa nilijiona mzima, na oda zilinifika shingoni. Kama hewa ilionekana nyeupe, si ni vumbi la unga?

"Kaa unywe chai, Fundi," alisema Cuma. "Tangu alfajiri hutulii."

"Nitakunywa ukijua kazi! Haya, mwingine!"

Akaja akasimama mbele yangu, karibu na dirisha. Nikakaza jicho. Uso wake ulikuwa ukungu mtupu.

"Mzito huo! Tupa!"

Sauti ya Cuma ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Fundi, sijainua kitu. Mikono yangu mitupu."