Jina la Kumchukua Audrey

"Lakini alilitaja jina, Mama Audrey. Alilitaja vile tu tulipatana."

Mwalimu Mutheu alikuwa na chaki mkononi na hakukumbuka kuiweka chini. Nyuma yake darasa la nasari lilikuwa tupu, benchi zimeegemezwa ukutani, na sweta ya kijani ya mwanangu ilikuwa kwenye msumari pale alipozoea kuitundika. Nikamwuliza ni jina gani alilotaja huyo mwanaume. Akatazama huku na huku, maskini, bado anailinda siri yangu, akanisogelea na kuninong'oneza: "Kagonya."

Nikakaa pale pale mlangoni, kwenye vumbi.

Naomba nieleweke. Jina lile halikuwa jina la kuokotwa sokoni. Audrey alipozaliwa, tukiwa bado tunaishi Gatwekera, alilia mchana kutwa, akakataa titi, akawa mwekundu hadi kwenye nyayo. Kwetu mtoto akilia hivyo, wazee husema kuna mtu wa zamani anayetaka kuitwa. Mama mkwe wangu akataja marehemu wote wa ukoo wao, mmoja mmoja, na mtoto akazidi kupiga kelele. Walipotoka nje kupunga upepo, mama yangu akamwinamia sikioni na kumtajia nyanya yake mwenyewe. Kagonya. Mtoto akanyamaza, akashika titi.

"Usilitaje hili mbele ya bwanako," mama aliniambia. "Mtoto ni wao. Wakisikia amenyamazia jina la kwetu, wataona tumewatukana." Mama akafa mwaka uliofuata. Nikabaki nalo peke yangu, na nilipokuwa na Audrey wawili tu, nilimwita hivyo, naye alicheka kama anayetekenywa.

Khaemba, mume wangu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mkono wake ulikuwa mzito na hakuuacha kazini. Siku aliponing'oa jino nilisubiri aende kazini kwake jua kali, nikafunga vitu vyangu kwenye shuka. Aliyenisaidia kubeba ni Kageha, rafiki yangu wa mlango kwa mlango. Alibeba godoro kichwani kutoka Gatwekera hadi mtaa wa Kongo, kule Kawangware, kwa miguu, na njia nzima alinichekesha ili nisilie. Sijasahau hilo. Afadhali ningelisahau.

Khaemba alikuwa ameapa mbele ya watu: nikimkimbia, atampeleka mtoto kwao Chwele na sitamwona tena. Kwa hiyo nilipompeleka Audrey nasari, nilikubaliana na Mwalimu Mutheu kwamba hatoki na mtu yeyote asiyelijua jina lile. Mtoto mwenyewe nikamfundisha. "Mtu akikuambia ametumwa na mimi, mwulize jina lako lingine. Akilijua, jua ni mimi nimemtuma."

Mwaka wa tisini na tisa Kageha akahamia Kawangware pia, akaandikwa kazi katika saiba. Ilikuwa ya kwanza sisi kuiona upande ule: chumba kimoja, kompyuta chache, na mtandao uliokatika simu ikilia. Dada yangu Marion alikuwa Dubai, akifanya kazi hotelini, na barua zilichukua mwezi. Kageha akaniita.

"Sasa, Mideva! Unatuma stampu na watu siku hizi wanatumia imeli? Wacha ushamba. Kaa hapa."

Nikakaa, vidole vyangu vikiwa bado na mafuta ya nywele, maana kazi yangu ni ususi. Kageha akajaza jina langu, siku ya kuzaliwa, kila kitu. Kisha akasema kompyuta inataka neno la siri, ambalo mtu mwingine yeyote duniani halijui na ambalo mimi mwenyewe siwezi kulisahau.

Lipi tena? Nililokuwa nalo lilikuwa moja.

"Andika, mimi sioni," akasema, akageuka ukutani kwa heshima zote.

Nikaanza kuitafuta K. Nani alizipanga zile herufi? K iko huku, A iko kule mwisho, na kila niliyoibonyeza iligeuka kuwa kinyota. Watu nyuma yangu walikuwa wanangoja, mmoja akapiga mluzi. Nikaona haya.

"Kageha, nisaidie bwana."

"Niambie tu, nikuandikie."

Nikamwambia. Vidole vyake vikapita kama mvua ya ghafla juu ya mabati. Akaniangalia, akatabasamu. "Ni jina la kwenu? Nzuri. Hilo hakuna mtu atajua."

Kutoka hapo nilimwandikia Marion kila juma, yaani mimi nilisema na Kageha akaandika. Nilisema ploti ya kupanga ninayokaa, nasari ya Audrey, saa ninayomchukua, na jinsi nilivyomficha baba yake kwa jina moja tu. Nilidhani nazungumza na dada yangu.

Kwa hiyo nilipoinuka kutoka kwenye lile vumbi sikuuliza mtu njia. Nilienda moja kwa moja kwa Kageha.

Mlango wake ulikuwa na grili mpya ya nondo. Wezi walikuwa wamemvunjia nyumba mara mbili, hilo nililijua. Alikuwa halali usingizi. Lakini ile grili niliijua zaidi. Ncha za juu zilikuwa zimesokotwa kama mkia wa nguruwe, zimepakwa rangi ya buluu. Ni fundi mmoja tu aliyekuwa na madoido hayo, na nilimpikia miaka.

Kageha akatokea, akasimama ndani. Hakufungua kufuli.

"Alikuja saiba analia, Mideva. Siku tatu anakuja. Anasema ameokoka, anataka tu kuona damu yake. Mwanaume mzima analia mbele ya watu, ningefanya nini?"

"Ungenyamaza."

"Sikuwa najua atamchukua mazima! Haki ya Mungu. Alisema ni wikendi tu."

"Na hii grili?"

Akakishika kile chuma kwa vidole viwili, akakiachilia. "Alijitolea mwenyewe. Aliona vile nimevunjiwa."

Nilimtukana. Sitaandika hapa nilichosema, ila majirani walitoka kusikiliza, na wengine walitikisa kichwa kwa kunisikitikia mimi na si yeye. Nilizitikisa zile nondo kwa nguvu zangu zote. Zilikuwa zimechomelewa vizuri sana. Nyumbani kwetu alivunja tu. Kwa mwenzangu alijenga.

Polisi waliniambia hayo ni mambo ya nyumba, nirudiane na bwana yangu.

Nilifika Chwele mahindi yakiwa yanavunwa. Audrey alikuwa uani kwa nyanya yake, anapukuchua hindi, nywele zimenyolewa. Niliangusha mkoba, nikamkimbilia, nikamwita. Hakuinuka. Aliendelea kuzing'oa punje, moja moja, bila kuniangalia.

"Mama amekuja," nikasema.

"Ulichoka na mimi?"

"Nani kakuambia hivyo?"

"Ulimtuma baba anichukue. Nilimwuliza jina, akalijua." Akaniangalia sasa, macho makavu. "Ulisema akilijua ni wewe."

Nilitaka kumwambia juu ya Kageha, yule shangazi aliyempenda, aliyemletea mandazi. Nilitaka kumweleza kompyuta. Alikuwa na miaka mitano. Nikaketi kando yake, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua naye.

Wazee wa pande mbili walikaa, wakaongea sana, na mwishowe Khaemba, ambaye alikuwa ameshapata mke mwingine asiyetaka mtoto wa mtu, akasema nimchukue. Nikarudi naye Kongo. Kageha alikuwa amehama, na grili yake, hadi leo sijui alikoelekea.

Jumatatu nikampeleka Audrey nasari. Mwalimu Mutheu akanivuta kando, akasema tuchague neno jipya, refu, gumu. Audrey alitusikia. Akanishika sketi kwa mikono miwili.

"Usimpe mtu," akasema. "Kuja wewe."

Nikawa naenda mimi. Mteja nusu kichwa kimesukwa nusu bado, namwacha kwenye kiti anatukana, naenda. Alipofika darasa la nane wenzake walikuwa wanamcheka, na bado alinisubiri getini.