Debe la Shemeji

Chaguzi tatu mfululizo, fundi cherehani alimpigia debe shemeji yake, mume wa dada yake, mpaka sauti ikamkauka. Shemeji akapata udiwani, akanenepa, akasahau njia ya mtaani. Mitaro ikaziba, maji machafu yakaingia hadi chini ya cherehani. Safari hii fundi akasema liwalo na liwe, udiwani anautaka yeye mwenyewe. Ila kwanza wajumbe wa chama wamteue badala ya shemeji, na hapo ndipo penye shughuli.

Aliyemfunda ni Bi Nyooka, diwani mstaafu, mama asiyejua kubembeleza mtu. Kila jioni alikuja karakana, akaketi juu ya rundo la sare za shule na kumsimamisha.

"Haya, mwanangu. Omba kura."

"Ndugu zangu... kama itawapendeza... jamani, si mnanijua..."

"Unaomba kura au unaomba radhi? Rudia!"

Kumsifu mtu mwingine kwake ilikuwa kazi rahisi. Kujisemea mwenyewe ndiko kulikomshinda. Bi Nyooka akamlazimisha aseme "nichagueni mimi" mbele ya kioo cha wateja, cherehani zote zikinguruma, mpaka wapita njia wakadhani fundi wa watu karukwa na akili.

Siku ya uteuzi ukumbi ulifurika. Shemeji alitangulia kuzungumza, akamwaga maneno matamu, akaketi akijipepea. Fundi akashika kipaza sauti. Alitaja mitaro, akataja taa za barabarani, watu wakaanza kuitikia. Damu ikamchemka, akainua mkono juu kama alivyozoea:

"Kura zote kwa nani? Kwa Shemeji!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shemeji alicheka hadi akashika mbavu. Bi Nyooka, kule nyuma, akafumba macho. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini haikupasuka, basi akangoja wamalize.

"Chekeni, ni haki yenu," akasema. "Mmesikia kinywa kilivyozoea? Nani aliwagongea milango kumwombea huyu bwana? Mimi. Mitaro ilipoziba, simu yake ikiita bila kupokelewa, mlikuja kulia kwa nani? Kwangu! Tulizibua wenyewe kwa majembe, matope magotini, na yeye hayupo. Leo simwombei mtu. Nichagueni mimi!"

Hakuna aliyecheka tena. Kina mama wa viti vya mbele walisimama kwanza, kisha ukumbi mzima.

Kura zilipohesabiwa, fundi alikuwa amemwacha shemeji mbali. Bi Nyooka alimkumbatia huku machozi yakimtoka, naye fundi alijisikia mrefu kuliko mlango.

Shemeji akaja taratibu, mikono mfukoni.

"Hongera, shemeji. Sasa kwenye kampeni, nani atakupigia debe?"

"Wewe," fundi akamjibu, akamwekea kipaza sauti mkononi. "Anza sasa hivi, watu hawajaondoka."

Shemeji akamtazama mkewe, akitafuta pa kuegemea. Dada mtu, aliyekaa kimya tangu asubuhi, akapiga kigelegele.