Mabenchi ya Makebuko

Mdomo wangu haujui kupumzika, na sioni kwa nini nikufiche. Uthmani, mume wangu, anasema mi niko na cherehani mbili, moja ya nguo na nyingine ya maneno, na hiyo ya pili haikatiki uzi. Namwambia anyamaze. Anacheka, anarudi kwenye baiskeli zake anazotengeneza. Miaka kumi na tisa tunaishi hivyo hapa Muyinga, na tunapendana sana.

Kwa hiyo siku habari ilipofika sokoni, unafikiri nani aliongea kuliko wote?

Habari yenyewe ilikuwa hii. Jumatatu asubuhi, huko Gitega, kwenye chuo kikuu kimoja cha binafsi, profesa wa hesabu alimnyang'anya mlinzi bunduki, akaingia ofisini, akampiga risasi profesa mwenzake. Halafu akaketi kwenye ngazi akangoja polisi. Aliyekufa aliitwa Bonifasi. Aliyeua aliitwa Nazario Nsavyimana, na picha yake ilifika kwenye simu zetu kabla chai haijapoa, amevaa tai na miwani. Alikuwa anacheka kwenye picha. Hilo ndilo lililotupandisha hasira.

Bon, basi, soko zima likageuka mahakama. Latifa wa vitenge alisema ni mambo ya mwanamke, tena akamtaja na rangi ya gari lake. Muuza chumvi akasema hapana, ni cheo, Bonifasi alipewa ukubwa ambao mwenzake aliungoja miaka minane. Mwingine akasema amerogwa. Fundi viatu, ambaye shule aliiona kwa nje, akasema mtu akisoma hesabu kupita kiasi kichwa kinachemka. Kisha kijana mmoja wa mbolea akasema, "Huyo amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Waliokulia kule roho zao iko haina breki."

Hapo nikasimama. "We! Mama Moses huyu hapa amekulia kule. Amekuua lini? Sema, amekuua lini?"

Mama Moses ni Emiliana, muuza maharagwe. Miaka sita tumekaa chini ya turubai moja, cherehani yangu upande huu, magunia yake upande ule. Tunakunywa chai kwenye kikombe kimoja vikombe vikipungua. Nimemcheka sana kwa Kiswahili chake cha Kasulu, maana yeye ni mtu wa kusema "tafadhali" hata kwa mbuzi anayekula maharagwe yake. Yeye ananicheka mimi na "iko" zangu. Siku hiyo nilimtetea mbele ya watu, nikakaa chini nimeridhika na nafsi yangu.

"Asante, Mama Husni," alisema, bila kuniangalia.

Ningenyamaza hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini kesho yake, Jumanne, kwenye grupu ya wasapu ya wanawake wa soko, kila mtu alikuwa anatuma sababu yake, na mi nikaona wote wanazunguka tu. Nikachukua simu nikarekodi odio, palepale kwenye cherehani, kwa sauti yangu hii ambayo unaisikia hata ukiwa kituo cha magari. Nilisema hivi: "Mi nauliza jambo moja tu. Huyu mtu si ana mama? Huyo mama alimlisha nini? Hebu atuambie, alimlisha nini mpaka akatoka hivi? Alimpa pilipili badala ya maziwa?"

Wanawake walicheka mpaka Latifa akashika mbavu. Odio ikaruka, grupu hii, grupu ile. Kufika jioni shemeji yangu wa mji wa Ngozi ananitumia odio yangu mwenyewe, ananiambia, "Sikiliza huyu mwanamke, ana ukali!"

Mama Moses hakucheka. Alikuwa anampimia mteja, kopo likabaki hewani, halafu akammiminia kopo lilelile mara mbili, na yeye si mtu wa kukosea vipimo. Akaniambia tumbo linamsumbua. Akafunga magunia, akaenda. Nikampa pole ya tumbo, mi mjinga. Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja.

Alhamisi hiyo ndiyo ikaja video. Watu walikuwa wamepanda mpaka Makebuko, huko mashambani kwa Gitega, kuangalia nyumba ya kina muuaji, familia ilikokaa baada ya kurudi kutoka Tanzania. Watu wazima wamesimama njiani na simu juu, wanapiga picha mlango! Kwenye video kuna nyumba ya matofali, mbele yake mabenchi mengi yamepangwa, hakuna aliyekaa. Mwanamke anatoka, anajifunika uso kwa khanga, anamshika bibi kizee mkono, anamrudisha ndani.

Uso sikuuona. Mshonaji haangalii uso. Niliona blauzi. Blauzi ya kitenge cha kijani, na chini ya kwapa la kushoto kipande cha buluu, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimepungua na mi ndiye niliyekiunga. Mkono wa blauzi nilikuwa nimeuweka vibaya kidogo, umepinda, na nilimwahidi Mama Moses nitaurekebisha tangu Krismasi.

Nikazima simu. Nikaiwasha tena. Mkono ulikuwa bado umepinda.

Usiniulize kwa nini sikujua. Kwetu Burundi majina ya ukoo hayafuatani. Baba mmoja, mama mmoja, watoto saba, kila mmoja anapewa jina lake peke yake. Kaka ni Nsavyimana, dada ni Barandereka, na sokoni hata hiyo Barandereka hakuna anayeijua, yeye ni Mama Moses basi. Nilijua ana kaka mwalimu Gitega. Aliniambia huyo kaka ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa punje za maharagwe. Sikuwahi kumuuliza anaitwa nani.

Nilimwambia Uthmani nikiwa nalia. Akaweka spana chini.

"Nenda," akasema.

"Niende nikafanye nini? Mtu akifiwa tunaenda kumshika mgongo, tunakaa naye, tunapeleka kinywaji. Lakini kwa mama wa aliyeua, nani amewahi kwenda? Hata maneno ya kusema pale hakuna."

"Basi utakuwa hauna maneno," Uthmani akasema. "Nenda hivyohivyo."

Nilitaka kumtupia mkasi. Jumamosi alfajiri akanipeleka kituoni mwenyewe, akanibebea mchele na sukari, akanifunga vizuri mtandio kama bibi harusi. Petroli ilikuwa shida, taksi ilingoja mpaka sijui saa ngapi, nikapita Karuzi, nikafika Gitega, nikachukua pikipiki mpaka Makebuko. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Yote niliyasahau nilipoona mabenchi.

Yalikuwa kumi na mawili. Nyasi zilikuwa zimeanza kulala chini ya miguu yake. Emiliana alikuwa anafagia katikati yake, na blauzi ileile.

Aliniona, akaendelea kufagia.

"Umekuja kupiga picha?"

"Mama Moses..."

"Nimekuuliza, Hidaya." Miaka sita hajawahi kuniita jina langu. "Haya mabenchi unayoyaona, mama aliazima kanisani Jumatatu. Walimpigia simu wakasema profesa ameuawa. Akajua ni Nazario. Akasema watu watakuja, wakae wapi? Akapanga. Saa moja baadaye wakasema siyo aliyekufa, ni aliyeua. Tangu siku hiyo hajakubali yarudishwe. Na hajapata hata jirani mmoja wa kukaa. Wewe ndiye wa kwanza kuingia uani, na ni wewe!"

Nilipiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti, muulize Uthmani. Nikasema, "Nisamehe, dada yangu. Sikujua, lakini hata kama angekuwa mama wa mtu mwingine, nisingepaswa. Nisamehe."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka mlangoni.

"Huyo anayeongea ni nani?"

Alikuwa Mama Efrazia, mama yao, mdogo wa mwili, mweupe kichwa chote, macho yana ukungu. Akaja akishika ukuta.

"Ongea tena," akasema.

"Amahoro, mama. Mi naitwa Hidaya, natoka Muyinga..."

Akainua kidole.

"Nakujua. Wajukuu walikuwa wanasikiliza simu, nikasikia. Wewe ndiye uliyeuliza."

Emiliana akadondosha ufagio. "Mama, twende ndani."

"Niache. Watu wote wamesema. Redio imesema, mapadri wamesema, jirani wamesema nyuma ya uzio. Huyu peke yake ndiye aliyeuliza. Aliuliza nilimlisha nini. Sasa amekuja kusikia jibu. Kaa, mwanangu."

Ningempa nini aniache niende! Nilikaa kwenye benchi. Yeye akakaa pembeni yangu, akaniwekea mkono gotini.

"Nilimlisha mahindi ya mgao," akasema. "Kambini walitupa mahindi na mbaazi za njano, ngumu, unapika siku nzima. Za kwangu nilimpa yeye, kwa sababu alikuwa anasoma. Maziwa hayakuwepo. Siku moja nilibadilisha sabuni kwa yai, nikampa yai siku ya mtihani. Akaligawa vipande vinne, yeye na wadogo zake. Mimi akaniletea ganda, akasema na wewe onja. Tulicheka siku hiyo!"

Alicheka kweli, kidogo. Emiliana alikuwa ameegemea ukuta.

"Na siku nyingine, ana miaka kumi na miwili, mtoto wa jirani alimcheka kaptula yake ilivyochanika. Akampiga na mpini wa jembe. Akampiga, akampiga, mpaka tulimtoa kwa nguvu. Nikasema ni njaa. Nilienda nikaomba msamaha mimi, nikashona kaptula, nikanyamaza. Labda ni pale. Labda ningepiga kelele pale. Ninyi nyote mnatafuta sababu, na mimi natafuta. Tofauti ni kwamba ninyi wiki ijayo mtachoka."

Nilishika tu mkono wake. Mi, Hidaya.

"Kuna mama mwenzangu," akaendelea, "mama yake Bonifasi. Leo mabenchi yake yamejaa watu. Namlilia kila siku. Na ninamwonea wivu, Mungu anisamehe."

Hapo Emiliana akalia kwa sauti. Mi nilikuwa nimeshaanza zamani.

Baadaye mama akanigonga goti. "Swali ulilipeleka kwa watu. Na jibu lipeleke hukohuko."

Nikatoa simu. Nilirekodi mara tatu ndipo ikakubali. Nikasema: "Mi ni Hidaya, Mama Husni, mshonaji wa Muyinga. Ile odio ya Jumanne ni yangu. Niliuliza huyu mama alimlisha nini. Leo iko mbele yangu, nimemuuliza mwenyewe. Alimlisha kila alichokuwa nacho, na yeye akalala njaa. Niliongea upumbavu. Yeyote aliyeituma ile, atume na hii."

Wa kwanza kujibu alikuwa Uthmani, ambaye hayumo hata kwenye grupu, sijui nani alimpelekea. Aliandika, "Nimekusikia. Narudia kuisikiliza." Latifa hakujibu chochote, na Latifa hujibu kila kitu.

Nikaingia jikoni, nikapika mchele. Emiliana akaja kupepea moto. Tulipokuwa tunapakua ndipo tukasikia baiskeli uani. Alikuwa katekista wa kanisa lao, mzee Ilidefonsi, na kamba begani.

"Nimekuja kuchukua mabenchi," akasema, anaangalia chini. "Kesho ni Jumapili. Wakristo hawana pa kukaa."

Mama Efrazia akaanza kuinuka. "Chukua, baba. Nimekaa nayo sana."

Mi nikatoka na mwiko mkononi. "Utayachukua, hakuna anayekukatalia! Lakini umeingia nyumba ya watu. Kaa kwanza."

"Dada, kuna giza njiani baadaye..."

"Kaa!"

Mimi Mwislamu, yeye mkubwa wa kanisa, namwamuru kwenye uwanja usio wangu. Emiliana akaweka mkono mdomoni. Mzee akaangalia mwiko, akaangalia mabenchi, yote kumi na mawili. Akavua kofia. Akakaa kwenye ncha ya benchi la mbele, kamba bado iko begani. Kisha akasema, "Mama Efrazia. Pole."

Ilikuwa pole ya kwanza tangu Jumatatu. Mama alifungua mdomo amjibu, ikatoka sauti ambayo sijui niiandike vipi. Alilia na mwili wote. Emiliana akakimbilia upande mmoja, mi upande wa pili, tukamshika mgongo, mikono yetu imepandana juu ya mifupa yake midogo. Emiliana hakuutoa mkono wangu. Aliubana.

"Mkono wa blauzi yangu bado umepinda," akaniambia kwa juu ya kichwa cha mama, machozi yanamtiririka.

"Nitaurekebisha, Mama Moses."

"Ulisema hivyo Krismasi."

Tulikula wanne, kwenye benchi. Mama alimaliza sahani. Jua lilipoinama, mzee Ilidefonsi akasimama, akachukua baiskeli yake, akaanza kusukuma kuelekea njiani.

"Baba," Emiliana akamwita, "umesahau mabenchi."

Hakugeuka. "Sijasahau," akasema. "Kesho watasali wamesimama. Wakiniuliza mabenchi iko wapi, nitawaonyesha njia ya kuja hapa."