Pengo Katika Mahubiri

...na amenyamaza tena, Mchungaji Amissah, ametazama benchi letu la mbele tulikopangwa sisi wafiwa na vitambaa vyetu vyeupe na vyeusi vya Jumapili ya shukrani, anasubiri nini huyu, aendelee, amalize, wageni wakale kenke yao, madonge ya unga wa mahindi, warudi makwao, jana tumemzika mama na leo tunashukuru, tunashukuru nini hasa, nijibiwe kwa hoja... "Bwana alitoa," mzee mmoja anaitikia nyuma yangu, "na Bwana ametwaa," kisha kikohozi, hapana, napinga, Bwana hakutwaa kitu, aliyetwaa ni mjomba Paa Kwesi, yule pale upande wa wanaume, kipara kimepakwa mafuta kinang'aa kama sahani ya harusi, yeye ndiye aliyempeleka dada yake kwenye kambi ya maombi akamwambia, Ekua, mfungo ni mfungo, huwezi kumwambia Mungu niponye huku umeficha vidonge vya presha kwenye pindo la nguo, na mama akacheka kwa aibu, akalifungua pindo, akampa, na kabla wiki haijaisha akaanguka kando ya kisima, ndoo ikabingiria mbali, na leo mtu huyohuyo anasema amina kwa sauti ya besi. Nitasimama. Naapa nitasimama. "Araba, tulia," mama mdogo Esaaba ananong'ona, "unatikisa benchi zima, kwani umekalia siafu?" na litikisike, nitamkatiza mchungaji na hakuna wa kunizuia, hapa kwetu Saltpond mwanamke aliyeguswa moyo huinuka katikati ya mahubiri akapandisha wimbo wa kale, mchungaji hunyamaza, kanisa zima humpokea, hata askofu alipokuja alinyamazishwa, na aliyemnyamazisha ni mama, mama ambaye hakujua kusoma kitabu cha nyimbo, sauti yake ikiyapasua mahubiri kama mtu apasuaye nazi, kwa pigo moja, nami nimekwisha kuuchagua wimbo wangu tangu alfajiri, ule wa Kaini, ndugu yako yuko wapi, nitageuza neno moja tu, dada yako, dada yako yuko wapi, nitaimba nimemkazia macho mjomba mpaka hayo mafuta yamchuruzike shingoni, hoja isiyojibika hiyo, kule chuoni ukumbi mzima ungepiga meza... ila mbona namwona mama jikoni, anafunga kenke kwenye maganda ya mahindi, mimi nina sare ya shule, namuuliza, mama, unajuaje uimbe wimbo upi, naye hainui hata macho, sijui, nasikiliza, wenyewe unakuja, ukiingia kanisani na wimbo mfukoni wewe umekuja kupigana, na akacheka, lakini wewe Araba, Mungu akusaidie, amekupa mdomo wa mawakili watatu na masikio ya kiazi kikuu... nilinuna siku nzima. Masikio ya kiazi. Mchungaji anasema kitu juu ya mlango, au mgomba, sikushika, sijashika neno lake hata moja tangu aanze, na ya nini, nayajua mahubiri ya misiba, naujua mwisho wake kabla hajafika, kama nilivyojua mwisho wa mama siku ile alipopiga simu, hapana, si hiyo, tusiende huko, hoja yangu ni mjomba... Araba mwanangu, mjomba wako anasema nifunge, hata vidonge nisimeze, wewe msomi unaonaje? Nami nikaiweka simu wazi wenzangu wa timu ya midahalo wasikie, nikamkonyeza mmoja, nikasema, mama, naomba kuuliza kwanza, huyo Mungu wenu anaogopa kidonge? na huyo nabii wa kambi akiumwa jino si hukimbilia Cape Coast kwa daktari? wakaangua kicheko, mmoja akapiga meza, nikanogewa, nikaongeza ya pili na ya tatu, na zote zilikuwa sahihi, Bwana wewe ni shahidi, hakuna hata moja ningeiondoa leo, na katika zote hizo sikusema, mama, vimeze. Neno dogo hivyo. Alikuwa ameuliza, nami nikamshinda. Naye, haya, umeshinda, mwanangu... umekula? Nikasema nimekula. Hakuuliza tena. Ee Mungu. La mjomba ni la mjomba, atalibeba yeye mbele zako, sitalipunguza na sitalibeba, lakini hili lina sauti yangu, wapi nitaliweka, ningeliimba wapi hili, na huo wimbo wa Kaini ningemkazia nani macho... naona mjomba ameinamisha kichwa, kile kipara kinatetemeka, kumbe haitikii amina sasa, analia, kitambaa amekibana mdomoni kama mtoto, na mchungaji amenyamaza tena, na sasa ndipo ninapoelewa, jinga mimi, si kwamba amesahau la kusema, hapo ndipo mama alipokuwa akiingilia, amezoea, mwili wake umezoea, anaacha pengo na hakuna anayeingia, akina mama wote wananitazama, mtoto wa Ekua, na mdomo wangu wa mawakili watatu hauna kitu, wimbo niliokuja nao nimeuachia, umedondoka chini ya benchi huko, na mwingine siwezi kuwa nao kwa sababu sikusikiliza, nifundishe, hilo tu ninalo, nifundishe, hata sasa, hata kama nimechelewa kwa mtu mmoja. Mchungaji amefuta uso, ameanza tena, polepole. Namwegemea mama mdogo, ananukia kafuri na moshi wa jana, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema nauliza swali ambalo jibu lake silijui. "Mama mdogo... amesema nini?" Anaushika mkono wangu, hanigeukii. "Sikiliza, mwanangu. Bado anasema."