Bolti Nne za Kitanda cha Mjukuu

Mimi ni seremala, mwaka wa thelathini na nane huu, na mtaani wananiita Mzee Randa. Nimetengeneza vitanda vya maharusi ambao leo wana wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia kitanda kinalia. Sasa niambie wewe: binti yako wa kumzaa anakuletea kitanda cha mtoto ndani ya boksi la karatasi, mbao zenyewe ni unga uliogandishwa kwa gundi, utajisikiaje?

"Baba, usikasirike," alisema. "Nimekikuta kina punguzo. Halafu mgongo wako unakusumbua."

Mgongo! Mgongo wangu ulimlalamikia lini? Nilinyamaza kwa sababu ya mjukuu tu. Binti yangu ni muuguzi, likizo yake ya uzazi, pamoja na nyongeza ya bila malipo, ilikuwa imekwisha, na alikuwa amekubali kutuachia mtoto mchana, mimi na mama yake. Miezi minane, anamchekea kila mtu, na mke wangu anamwita "mume wangu" mbele yangu bila haya hata kidogo. Mimi namwita mume mwenza. Miaka sita, tangu binti yetu aondoke, nyumba yetu haikuwa na kelele ya maana, na nilikuwa natamani kelele hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Basi nikamtilia saini kijana wa duka karatasi ya kupokea mzigo, nikabeba boksi hadi karakana yangu ya uani.

Kosa langu ni kosa la fundi. Asiye seremala asingelifanya. Sisi mafundi wa zamani kikifika mkononi kitu chochote chenye skrubu, cha kwanza tunamwaga skrubu zote kwenye kopo letu. Hujui lini utazihitaji. Nikachana mifuko midogo ya skrubu iliyokuwa ndani ya boksi, nikamwaga kila kitu humo. Karatasi ya maelekezo sikuifungua. Mimi nisome karatasi ili niunge kitanda? Thubutu! Nikatia bolti nilizoona zinatosha, palipobaki nikapiga gundi yangu na misumari yangu. Kikasimama. Nikakitikisa, kikatulia. Siku mbili baadaye mguu wa meza yangu ya kazi ukalegea, nikapekua koponi, nikakuta bolti nne ndefu, nyeusi, nzuri ajabu. Nikazikaza kwenye mguu wa meza, nikaendelea na shughuli zangu.

Wiki ya tatu ubavu wa kitanda ukafunguka.

Mke wangu alikuwa palepale anakunja nguo. Alimdaka mtoto kwa kumshika mguu mmoja, kichwa kimebakiza shubiri kufika sakafuni. Mtoto akacheka, alidhani ni mchezo. Mke wangu alikaa chini naye kifuani, akashindwa kuinuka mpaka nikamshika mkono.

Binti yangu alifika mbio, na sare yake ya kazi. Hakupiga kelele. Aliifungua ile karatasi ya maelekezo, akapiga magoti, akahesabu matundu moja moja.

"Ubavu huu unashikwa na bolti ndefu nane," alisema. "Hapa ziko nne na misumari. Baba, nne nyingine ziko wapi?"

"Hazikuja, mwanangu."

Ningependa kusema niliamini hivyo. Labda niliamini nusu, mdomo ulitangulia. Nilipoingia karakana kufuata nyundo ndipo nikaziona, zote nne, kwenye mguu wa meza. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa hatua kumi na mbili tu kurudi ndani na kusema, "Jamani, nimeziona." Lakini akilini nilimwona binti yangu akinitazama kama mzee aliyechakaa ambaye hafai kuachiwa mtoto. Nikachukua gunia, nikafunika ule mguu.

Alipiga simu huduma kwa wateja siku ileile. "Kwa vipuri, bonyeza mbili," ikasema mashine, halafu muziki. Aliweka simu mezani, akafungua spika, tukausikiliza muziki wao dakika arobaini, wimbo mmoja tu. Mwishowe akapokea mhudumu mpole kupita kiasi.

"Pole sana, dada. Naomba namba iliyo kwenye mfuko wa skrubu."

Mfuko ulikuwa kwenye takataka za karakana. Niliuleta mimi mwenyewe, nikaupangusa vumbi la mbao, nikampa.

"Huu ni wa mpakiaji namba arobaini na moja," akasema mhudumu. "Kwa kawaida mizani ndiyo hukagua mifuko, ila wiki ile mizani iliharibika, wakahesabu kwa mkono."

"Basi huyo arobaini na moja hajui kuhesabu!" Sasa ndipo binti yangu alipopaza sauti. "Mwanangu angevunjika shingo! Mtu wa namna hiyo anafanya nini kazini?"

"Tutamchukulia hatua, dada."

Nilikuwa nimekaa mkabala naye, nakunywa chai. Nilikunywa mpaka ikaisha.

Bolti ziliahidiwa baada ya siku tatu. Ikapita wiki. Akapiga tena, akapokea mwingine ambaye alianza upya: jina, namba ya risiti, tatizo ni nini. "Ombi lako linashughulikiwa." Lo, hayo maneno! Mtoto alikuwa akilala kwenye godoro sakafuni, mke wangu pembeni yake hata chooni haendi. Kila asubuhi nilijiambia, leo nazifungua zile bolti, nasema zilikuwa chini ya kabati. Ila zingeonekana zimekwaruzwa na spana yangu, na binti yangu macho anayo. Usiku kwangu haukuwa na usingizi, na mchana nilikuwa mkali kwa kila mtu.

Wiki ya pili ukaja ujumbe: bolti zitaletwa kwa mkono, na aliyepokea mzigo atie saini fomu.

Aliyezileta ni mama wa makamo, viatu vya kiwandani, mkononi ana bahasha na kifuko kidogo. Binti yangu alikuwa kwenye siku yake ya mapumziko, akafungua mlango.

"Hodi. Mimi ndiye namba arobaini na moja."

Mke wangu akasogeza kiti, akamkaribisha, lakini mama hakukaa.

"Sikuja kubembeleza," alisema. "Niliomba nizilete mwenyewe nione hicho kitanda. Fomu hii mkitia saini kwamba bolti hazikuwemo, kesho narudisha kitambulisho na kazi yangu imekwisha. Miaka tisa nahesabu, na nahesabu kwa mdomo, wenzangu wananicheka. Tangu niitwe ofisini nalala nikihesabu ule mfuko. Kila nikihesabu zinafika nane."

"Mama yangu, sina ugomvi nawe," binti yangu alijibu, na sauti yake haikuwa ya ugomvi kweli. "Ila mtoto alianguka. Baba, wewe ndiye ulipokea. Mtilie saini."

Akanipa kalamu. Mama akapiga magoti mbele ya kitanda, akang'oa misumari yangu kwa koleo alilokuja nalo, bila kusema chochote juu ya misumari hiyo. Akafungua kifuko.

"Moja," akasema, akiikaza. Mtoto mapajani kwa bibi yake akacheka. "Mbili." Akacheka tena, akapiga makofi. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye mstari, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

"Tatu."

"Mama, acha," nikasema. "Hizo si za kitanda hiki. Zake ninazo."

Nilikwenda karakana, nikatoa gunia, nikafungua zile bolti. Meza ikainama upande. Nikarudi nazo kiganjani, bado zina vumbi la mbao, nikaziweka juu ya fomu. Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Binti yangu aliokota moja, akaitazama mikwaruzo yake.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Baada ya simu?"

"Kabla ya simu."

Akairudisha taratibu. "Nilimlaani huyu mama mbele yako, Baba. Wewe ukawa unakunywa chai."

Nilikuwa na maneno, mengi tu: mgongo, punguzo, boksi la karatasi, miaka thelathini na nane. Hakuna hata moja lililofaa. Niliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa haki yangu.

Mama akasukuma fomu mbele yangu. "Andika nyuma. Kwa mkono wako, na jina lako kamili."

Nikaandika: bolti zote nane zilikuwemo, nilizitumia mwenyewe, nikasema uongo. Akaisoma huku midomo yake ikitikisika, akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Kisha akamaliza kitanda, akahesabu mpaka nane, akakitikisa kwa mikono miwili. Akamuaga mke wangu, akampapasa mtoto kichwa. Mimi hakuniaga.

Binti yangu alimsindikiza hadi nje ya geti. Kutoka dirishani nilimwona akimshika mikono yote miwili, akiinamisha kichwa, na yule mama akitikisa chake. Aliporudi alimbeba mtoto, akachukua begi la nepi, chupa, na shuka.

"Kesho unamleta saa ngapi?" mke wangu akamuuliza.

"Nitaona, Mama."

Asubuhi niliamka mapema, nikafagia chumba, nikasogeza kitanda mbali na dirisha lisimpige jua. Kimesimama imara, hakitikisiki, kizuri kwa kweli, lazima niseme hivyo. Nikakaa kwenye kiti kando yake. Saa moja, saa yake ya kuletwa, ikapita, saa mbili ikapita. Saa tatu mke wangu akaingia, hakunitazama, akaliondoa godoro dogo kitandani na kwenda kulianika.