Miguu ya Plamedi

Ujumbe ulimfikia Ernestine alipofika Kabambare, mahali pekee penye rezo ya simu katika safari yake yote. Aliusoma akiwa bado amekaa kwenye pikipiki. Bruno, msaidizi wake wa maabara huko Kinshasa, alikuwa ameandika mistari miwili: "Panya waliopewa dawa wamelemaa sawasawa na wale ambao hawakupewa. Nimepima upya mara tatu, dada."

Miaka kumi na miwili. Ernestine, binti wa wakulima wa Kasongo, aliimaliza akichunguza jambo moja tu: jinsi sumu ya muhogo mchungu inavyoharibu mishipa ya fahamu, hata mtu aliyelala mzima anaamka miguu imekakamaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Hauui, lakini miguu hairudi tena. Mwaka uliopita panya wake wa kwanza waliopewa dawa walitembea, naye akalia mbele ya wanafunzi wake. Kisha alipokwenda Wamaza kuchukua damu za wagonjwa, alimwambia mama mmoja, Marcelline, neno ambalo mtafiti hapaswi kulisema: "Vumilia. Dawa iko njiani."

Sasa alikuwa anarudi kwa Marcelline huyo.

"Mvua inakuja," dereva alisema. "Tuendelee?"

"Tuendelee," akajibu, ingawa moyo wake wote ulitaka kugeuka.

Huko Wamaza Plamedi, binti yake Marcelline, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameketi mlangoni, magoti yamebanana, vidole vya miguu vikitazama chini. Walikuwa wamemvalisha gauni la kanisani.

"Mama dokta, karibu," Marcelline alisema. "Tunakungojea tangu Pasaka. Dawa iko?"

"Haiko, mama."

"Ilibaki Kasongo?"

"Haiko popote. Imeshindwa. Nilikuambia neno ambalo sikuwa na hakika nalo. Unisamehe."

Marcelline aliuliza, "Basi umekuja kufanya nini?"

Ernestine aliomba unga wa muhogo kidogo, akautia ndani ya kichupa pamoja na maji na kikaratasi cha njano cha kupimia sumu, akafunga. Kesho yake asubuhi kikaratasi kilikuwa cha kahawia. Sumu ilikuwa nyingi kuliko alivyowahi kuiona.

"Muhogo mulilowesha siku ngapi?"

"Moja. Watu wa bunduki walikuwa wanapita pale mutoni. Ukiuacha siku tatu kama zamani, utakuta maji tu."

Rosine, mdogo wake Plamedi, alikuwa anakula bugali wa unga uleule. Ernestine alimpokonya sahani. Mtoto akalia.

"Unamunyanganya mutoto chakula," Marcelline alisema polepole. "Uko na kingine?"

Hakuwa nacho. Aliomba beseni na mkeka. Aliuchanganya unga na maji, akautandaza mwembamba kivulini, kwa kuwa jua halikuwepo. "Masaa tano," alisema. "Sumu itatoka na hewa." Plamedi alijikokota hadi mkekani, akasaidia kuusawazisha kwa kiganja. Walikaa na njaa, wakiutazama unga.

Walipokwisha kula, Marcelline aliuliza, "Hii njia, uliijua tangu lini?"

"Miaka mingi."

"Na mwaka ule ulipokuja kuchukua damu, uliijua?"

"Niliijua."

"Ukatuletea habari ya dawa."

"Ndiyo," Ernestine alisema. Alijua kwamba Plamedi alikuwa amekwisha kulemaa kabla ya siku ile ya damu, lakini hakulisema ili kujitetea. Lisingemsaidia mtu yeyote, na Rosine alikuwa ameendelea kula unga ule mwaka mzima.

Alifikiri atafukuzwa. Asubuhi Marcelline alimbeba Plamedi mgongoni, akamwambia Ernestine achukue beseni na mkeka. Siku tisa walizunguka nyumba kwa nyumba wakionyesha njia ile. Wengine walikataa, walisema njaa haingojei masaa tano. Mwezi huohuo wanawake wawili upande wa Lusangi waliamka wamekakamaa. Rosine bado anatembea.

Katika kila nyumba ni Marcelline aliyesema. Alimshusha Plamedi chini, akaivuta nguo juu ya magoti yake, akawaambia wenyeji, "Muangalieni huyu." Ernestine alisimama nyuma yao, beseni mikononi, akingoja kuambiwa aanze.