Mtandio Juu ya Tableti

Jumamosi Adib alimsokota mama yake mkono mpaka mfupa ukalia. Emiliana, mtumishi wao, aliusikia mlio huo akiwa sakafuni, damu ya pua ikimwingia mdomoni, maana kipigo kilianzia kwake. Wali ulikuwa umeungua. Adib alimchapa kwa waya wa chaji kutoka jikoni hadi sebuleni. Bi Jokha, mwenye miaka sabini na mguu wenye kidonda cha sukari, akajikokota na fimbo yake kuja kuamulia. Mwanawe alimnyang'anya fimbo, kisha akaushika mkono.

Baadaye Adib alimfuata Emiliana jikoni akiwa ametulia kabisa. Akafungua friji, akanywa maji.

"Bangili za mama nimezitoa kabatini," alisema. "Ukifungua mdomo, polisi watazikuta kwenye begi lako. Watamwamini nani, mimi au mtumishi?"

"Wewe, sir."

"Mama kateleza bafuni."

"Kateleza, sir."

Emiliana alikuwa na mwaka wa pili katika fleti ile ya Al Barsha. Bi Jokha alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai na ndoa, na Kiswahili chake hakikuchuja. Adib alizaliwa hukuhuku. Kiswahili alikijua cha kumtosha kuamuru, kutisha na kutukana. Tangu aachishwe kazi alikuwa halali usiku, haamki asubuhi, na kila siku mkono wake ulizidi kuwa mwepesi.

Kwa kuwa Bi Jokha hakuweza tena kwenda hospitali kila wiki, hospitali ilimletea tableti yenye kisimamio. Kila Jumanne saa nne asubuhi Daktari Munir, mtu wa Mombasa, alitokea kwenye kioo, nyuma yake wanafunzi sita waliokuja kujifunza. Bi Jokha aliwakubali wanafunzi. Lakini bandeji ilipanda hadi juu ya goti, na paja lake asilione mwanamume, awe daktari awe nani. Basi ikawa desturi: wakati wa kufungua bandeji, Emiliana anaifunika tableti kwa mtandio, wanaendelea kusemezana kwa sauti tu, na kitambaa kinaondolewa paja likishasitiriwa.

"Emiliana, harufu?" daktari huuliza.

"Imepungua, daktari. Wiki iliyopita ilikuwa kama nyama iliyolala. Leo kama sarafu mkononi."

"Andikeni," huwaambia wanafunzi. "Mashine hii haina pua. Pua yetu ni Emiliana."

Hata baada ya matibabu Bi Jokha aliiacha tableti na mtandio wake kutwa kucha, maana alisema kitu chenye jicho hakiachwi wazi chumbani mwa mwanamke. Adib hakuwahi kuiona bila kitambaa. Kwake yeye ile ilikuwa mashine iliyozimwa.

Jumanne ile daktari aliona mkono kabla ya mguu.

"Bi Jokha, mkono una nini?"

"Niliteleza bafuni, mwanangu."

Daktari alisogea karibu na kioo. "Emiliana?"

Emiliana alitazama zulia. Ndani ya kichwa chake bangili zililia. "Aliteleza."

"Haya. Tufungue kidonda, halafu tuzungumze."

Alifunika tableti, akapiga magoti na mkasi. Bandeji ilikuwa imefunguka nusu pale mlango uliposukumwa. Adib alisimama pekupeku, macho mekundu. Akatazama mtandio, akatazama mama yake.

"Kahawa yangu iko wapi?"

"Namaliza mguu wa Bibi, sir."

Alilipiga teke beseni, maji yakamrukia Emiliana usoni. Teke la pili lilimwingia mbavuni. Sauti ya daktari haikusikika tena, na Emiliana hakujua kama watu wale wangalipo au wamekata simu.

"Adib, basi," alisema Bi Jokha. "Basi, mwanangu."

Adib akaichukua fimbo iliyoegemezwa kitandani. "Khalas, nyamaza wewe. Au nikuvunje na wa pili?"

Emiliana aliona jinsi fimbo ilivyonyanyuka juu ya kile kichwa cheupe. Aliogopa jela kuliko alivyoogopa fimbo, lakini Bi Jokha hangepona pigo la kichwa. Akainuka, akaingia kati.

"Sir, zile bangili ulizoficha, utazitia kwenye begi langu lini?"

Adib alicheka. "Zimo tangu Jumamosi, mjinga wewe. Nimezishonea ndani."

"Na mkono wa Bibi?"

"Nimeuvunja mimi. Utamwambia nani?"

Fimbo ikashuka. Ilimpata Emiliana tayani, meno mawili yakatoka na neno alilotaka kusema. Alipokuwa akianguka alishika pindo la mtandio, akalivuta.

Wanafunzi sita walikuwa wamesimama. Msichana mmoja alilia kimya, mkono mdomoni. Daktari Munir alikuwa na simu sikioni, anataja kwa Kiarabu namba ya jengo na namba ya fleti, na macho yake hayakubanduka kwenye chumba.

Emiliana alidhani Adib atakimbia. Hakukimbia. Aliipiga tableti mpaka kioo kikatawanyika, kisha akaupiga mkono uliouvuta mtandio, mara tatu, vidole vikavunjika kama vijiti vya kuwashia jiko. Emiliana alijilaza juu ya mguu wa Bi Jokha ili fimbo isifike kwenye kidonda. Mgongo ukapokea yaliyobaki. Aliacha kuhesabu.

Polisi walimkuta Adib bado anapiga. Wawili walimwangusha kifudifudi, goti shingoni, pingu mikononi. Wa tatu alimwinamia Bi Jokha na kumuuliza kilichotokea.

"Mama, waambie," alisema Adib, shavu juu ya zulia lenye maji.

Bi Jokha alimtazama mwanawe. Akauokota mtandio, akaukung'uta vipande vya kioo, akajifunika kichwa. Alisema kwa Kiarabu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Emiliana naye asikie:

"Humu ndani hakuna aliyeteleza. Na bangili kwenye begi la Emiliana katia yeye."

Wahudumu wa gari la wagonjwa walitaka kumnyanyua Emiliana. Aliwazuia kwa mkono mzima. Jicho moja lilikuwa limefungika. Aliinama juu ya kidonda kilichoachwa wazi, akavuta pumzi, akatafuta harufu katikati ya harufu ya damu yake mwenyewe.

"Mwambieni daktari," alisema, na maneno yalimtoka na mate mekundu, "hakinuki."